Malalamiko Kuhusu Kidonge Nilichomwonjea Mkwe Wangu

Kwa Daktari Msimamizi,
Zahanati ya nyuma ya tangi la maji.

Daktari mheshimiwa,

Shikamoo ningekupa, lakini kwa umri wewe ni mdogo wangu kabisa, ningeweza kukutuma chumvi dukani na ukaenda. Ila kwa lile koti jeupe wewe ni mkubwa wangu, kwa hiyo pokea salamu za heshima, na jua kwamba ninaandika nikiwa nimekaa wima. Mimi ni fundi cherehani wa duka la kona. Watu huniita Mama Pindo, kwa sababu pindo nililolikunja mimi halifumuki mpaka nguo yenyewe ife. Hilo koti lako mikono yake niliipunguza mimi. Sikukumbushi kwa kujisifu, nataka tu ujue kwamba mlalamikaji wako si mtu wa kuokotwa njiani.

Ninamlalamikia Mkunga wako, yule mwenye miwani inayoning'inia kifuani. Huyo mama amempa dawa ya kuzuia kichefuchefu mke wa mwanangu wa pekee, ambaye ana mimba changa, na ninasikitika kukuarifu, Daktari, kwamba dawa hiyo imefanya kazi.

Usicheke. Soma kwanza.

Mkwe wangu ndiye mtoboaji wetu wa matundu ya vifungo, na hana mpinzani. Lakini tangu aliposhika mimba alikuwa hawezi kukaa dukani. Akinusa wanga wa kola, anatapika. Akinusa mafuta ya cherehani, anatapika. Mvuke wa pasi ya mume wangu, anatapika. Mwanangu akinawa kwa sabuni ileile aliyoposea, anatapika, tena mbele yake. Ikafika siku akatapika kwa kusikia tu mtu akitaja supu. Mwisho hata maji ya kunywa yakawa hayakai, midomo ikapasuka, na mwanangu akambeba mgongoni mpaka kwenu kama mzigo wa vitambaa. Mkamtundikia dripu. Hilo silalamikii, dripu ile nilishukuru mpaka nikamshika mkono yule kijana wa mapokezi ambaye hakuhusika hata kidogo.

Ninalolalamikia ni kile kichupa alichorudi nacho. Vidonge vidogo, viwili kila anapokwenda kulala. Mkunga alisema ndani yake mna vitamini pamoja na dawa ya mzio inayoleta usingizi. Hapo ndipo madhila yangu yalipoanza, nami ninayataja moja moja.

1. Mkunga alikataa kuapa. Nilimwuliza swali la mtu mzima: dawa hii ni salama kwa mjukuu wangu, ndiyo au hapana? Mama yule akavaa miwani, akavua, akaniambia kwamba imetumiwa na wajawazito wengi sana kwa miaka mingi, imechunguzwa, na haijaonekana kuwadhuru watoto, lakini kwamba yeye si mtu wa kumwapia mtu juu ya dawa yoyote, hata ya kikohozi. Kisha akaongeza kwamba kutapika mpaka mwili ukaukiwe maji nako kuna hatari kwa mama na mtoto. Ona ujanja huo! Mimi nimemwuliza habari za dawa, yeye ananijibu habari za kutapika. Mteja akiniuliza kama gauni litamtosha, mimi humjibu litakutosha, basi, halafu nakesha nikilipanua. Huo ndio uungwana wa kazi.

2. Nilipoona haapi, nikamtolea silaha yangu. Nilimwambia ninajua kwamba zamani, kabla hata sijazaliwa, kulikuwa na dawa waliyopewa wajawazito huko duniani kwa ajili ya kichefuchefu hikihiki, na watoto wakazaliwa na viungo pungufu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nilitegemea akatae, ili tugombane vizuri. Akakubali! Akasema ni kweli kabisa, na kwamba kwa sababu ya msiba ule ndiyo maana siku hizi dawa za wajawazito zinafuatiliwa kwa macho makali, na dawa hii si ile. Sasa, Daktari, mtu akishakubali utagombana naye vipi? Nimerudi nyumbani na hasira yangu nzima, haijapungua hata robo, na aliyeipokea ni mume wangu, ambaye kosa lake lilikuwa kuuliza chakula kiko wapi. Naomba mumfundishe Mkunga kubisha kidogo, kwa ajili ya amani ya nyumba za watu.

3. Hili ndilo kubwa, nalo linahusu heshima yangu ya kazi. Katika duka langu hakuna kitambaa kinachokatwa kabla kipande chake hakijalowekwa, kikaanikwa, kikapigwa pasi. Kikichuja rangi tunajua. Kikisinyaa tunajua. Siku moja tu niliyumbishwa na mteja mwenye haraka, na suruali ya bwana harusi ikafuliwa mara moja ikamfaa mdogo wake. Tangu hapo nimesema, kwangu hakiingii kitu kisichojaribiwa.

Kwa hiyo kila jioni, kabla mkwe hajameza, nilikuwa nikionja mimi. Kidonge kimoja. Ninakimeza, ninakaa kwenye kigoda, mkwe amekaa mbele yangu na glasi yake ya maji, mwanangu amesimama mlangoni, mume wangu ameweka pasi chini. Wote wananitazama. Nikiona sijaanguka, ninampa ishara kwa kidole cha shahada, naye anameza viwili vyake. Jamani, niambieni ni mama mkwe gani mwingine katika mitaa hii anayefanya hivyo? Wengine wanawaonjea wakwe zao maneno tu.

Basi kichupa kikaisha mapema. Mwanangu alipokuja kuomba kingine, Mkunga akamshika kama mwizi, kwamba mkewe amezidisha dozi. Ikabidi nije mwenyewe kueleza. Nilieleza kwa utaratibu kabisa. Mkunga wako alitazama dari kwa muda, akaniambia mbele ya foleni nzima kwamba dawa ya mtu si dawa ya ukoo. Kisha akasema neno ambalo mpaka leo limenikaa kooni. Alisema hata ningeonja gunia zima nisingejua lolote, kwa sababu mimi si mjamzito.

Daktari, neno hilo liliniuma kwa sababu ni la kweli. Kipande cha majaribio lazima kitoke kwenye jora lilelile. Huwezi kufua pamba ukajua tabia ya hariri. Mimi, fundi wa miaka yote hiyo, nilikuwa nimefua pamba. Mwanamke wa kliniki amenifundisha ushonaji! Nilitoka pale nimeshika kichupa kipya mkononi na aibu yangu kichwani.

4. Ninaomba radhi kwa mstari huu uliopinda. Nilitoka nje kidogo. Ni huu wanga mpya aliouleta mume wangu, wa bei nafuu, una harufu ya kitu kilichokufa kikiwa na kinyongo. Tangu ulipoingia humu ndani asubuhi zangu zimeharibika. Namba nne ilikuwa nzuri sana lakini nimeisahau.

5. Kidonge kinaleta usingizi. Mkunga alisema, sikatai, lakini alimwambia mkwe, hakuniambia mimi. Matokeo yake, usiku mmoja baada ya kuonja nilikaa kumalizia gauni la bibi harusi, nikashona nikiwa ninaota, na mkono wa kushoto nikaufunga mwisho wake kwa pindo langu lisilofumuka. Bibi harusi alikuja kujaribu. Akaingiza mkono, ukaenda, ukaenda, ukafika mwisho ukakosa njia. Akasimama katikati ya duka akipunga kile kisiki kama anaagana na sisi, mamake analia, mume wangu amejificha nyuma ya ubao wa pasi anatetemeka mabega kwa kicheko. Pindo lile nililifumua kwa meno. Ninataka iandikwe kwenye kichupa kwa herufi kubwa: waonjaji wasishone.

6. Sasa nakuja kwenye madhara ya muda mrefu, ambayo nina hakika wataalamu wenu hawakuyafikiria. Mimi nilimtapikia mwanangu mpaka wiki ya kuzaa. Sikunywa kidonge. Katika ukoo wetu wanawake hatunywi vidonge kwa ajili ya jambo dogo kama hilo, tunashika ukuta, tunatapika, tunafuta mdomo, tunaendelea na kazi. Na kutapika kule kumenifaa maisha yangu yote! Mwanangu akichelewa kurudi, ninamwambia nilikutapikia. Akisahau kunisalimu, nilikutapikia. Alipotaka kuhamia mtaa wa pili nikamwambia, nenda baba, mimi nilikutapikia tu. Hakuhama. Sasa huyu mkwe anaamka asubuhi anakula, tena anaongeza, anaimba akitoboa matundu, mashavu yamerudi. Mtoto wake akija kuwa mkaidi atamwambia nini? Nilikulia chapati? Mnawanyang'anya wanawake silaha pekee tuliyopewa bure.

7. Kwa sababu hizo zote nimekamata kichupa kipya. Kimo ndani ya kopo langu la vifungo, kopo limefungwa kabatini, na ufunguo uko shingoni mwangu. Sitakifungua mpaka nijibiwe.

Hapa naomba nipunguze makelele kidogo.

Tangu nilipokifungia, mkwe ameanza tena. Ninamsikia sasa hivi nyuma ya pazia. Beseni lile lina mlio wake. Jana chai yote ilirudi, leo ni maji. Hajanikasirikia, na afadhali angenikasirikia. Alikuja tu akasimama pembeni ya cherehani yangu, amejishika ukutani, akasema, mama, nipe tu, mimi siogopi. Mwanangu haniongeleshi. Anapita na beseni, anatazama kifuani kwangu unaponing'inia ufunguo, anapita. Mume wangu, mtu ambaye katika ndoa yetu amezungumza zaidi na pasi kuliko na mimi, amesema nimpe mtoto wa watu dawa yake. Kisha akaniangalia akaongeza kwamba hata mimi mwenyewe siku hizi mbili sili, nimekuwa mwekundu wa macho, na jana nimekilaumu kitunguu kisicho na hatia. Nikamwambia aangalie kola iliyo mbele yake. Aliiunguza.

Daktari, mimi ninaogopa. Ndiyo hivyo. Huyu mwana niliyemtapikia nilimpata nikiwa msichana, na baada yake tumbo langu likanyamaza. Nilingoja mwaka, nikangoja mwingine, nikashona nguo za watoto wa watu wote wa mtaa huu, vikofia, vijoho, fulana zisizozidi kiganja, na hakuna hata moja niliyoshonea nyumbani. Sasa nina miaka arobaini na tatu, na miezi hii ya karibuni hata dalili zangu za kila mwezi zimeacha kuja, kwa hiyo ninajua umri umekwisha kushusha mlango wa duka. Aliye ndani ya tumbo la mkwe ndiye pekee aliyebaki kuja. Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi ninataka mjukuu bila majuto. Nikimpa dawa, ninaogopa dawa. Nikimnyima, ninasikia beseni.

Samahani, nimetoka tena nje. Huu wanga nitaurudisha leo hii.

8. Kwa hiyo, baada ya kufikiri sana, ninaleta ombi langu, nalo ni dogo. Kwa kuwa Mkunga wako amesema mwonjaji lazima awe mjamzito, naomba zahanati inipatie mjamzito mmoja wa majaribio. Awe anafika nyumbani kwangu kila jioni, ameze mbele yetu, akae kwenye kigoda, nasi tumtazame. Awe na adabu. Asiwe mchaguzi wa chakula. Umri wowote nitampokea, mradi mimba iwe ya kweli na si ya kuazima. Atalishwa, na nguo zake za uzazi nitamshonea mimi mwenyewe kwa pindo nene linaloachiliwa kadiri tumbo linavyokwenda. Akiwa anajua kutoboa matundu ya vifungo itakuwa vizuri zaidi, maana kazi imelala. Mkiona wanawake wenu wote wana aibu, waambieni mficha uchi hazai, ingawa hao wameshaanza.

Hilo likishindikana, basi Mkunga aje aape. Nitampa na kiti.

Nimalizie kwa kuwasalimu wote hapo: kijana wa mapokezi, ambaye bado anadhani mimi ni shangazi yake kwa jinsi nilivyomshika mkono, mfagizi wenu mwenye ndoo ya kijani, wale wazee wa foleni ya macho, na hata Mkunga, msalimie, lakini usimsalimie sana. Barua hii nitaileta kwa mkono wangu nisije nikaambiwa imepotea.

Wako katika uchungu na ushonaji,
Mama Pindo,
Duka la kona.

Nyongeza, imeandikwa kwenye benchi lako, hapa nje ya mlango wako.

Daktari, barua hii usiisome. Au isome, lakini kuanzia hapa.

Nilifika nayo salama. Nikakaa kwenye foleni. Mfagizi akapita na ile ndoo yake, amemwaga dawa ya sakafu, harufu ikanijia, na mimi, mwanamke wa ukoo wa kushika ukuta, sikuuona ukuta. Niliiona ndoo. Nilipoinua kichwa mfagizi alikuwa bado ameshika mpini, hana hata wasiwasi, akaniuliza kwa upole, mama, yako ni ya miezi mingapi?

Nilimwambia akome, mimi ni bibi mtarajiwa, na kwamba ni wanga. Nyani haoni kundule. Mkunga alikuwa amesimama mlangoni. Alivaa miwani, akanishika kiwiko, akanipa kikopo cha kwenda nacho chooni. Kile kimkanda chenu kimetoa mistari miwili, Daktari. Nikasema kimeharibika. Akaleta kingine. Nikasema mkunga umeharibika wewe. Akaleta cha tatu, kisha akanipapasa tumbo kitandani, akaanza kucheka, na mimi nikaanza kucheka, na huku ninalia, na foleni ya macho nzima imegeukia mlango ingawa hawaoni vizuri. Anasema huenda kumepita miezi mitatu. Maana yake zile jioni zote kwenye kigoda, mbele ya familia yangu iliyokodoa macho, mwonjaji alikuwa wa jora lilelile.

Kwa hiyo namba moja mpaka namba saba ninazifuta. Namba nane imetekelezwa: mjamzito niliyemwomba amepatikana, ana adabu ya wastani. Hata namba nne nimeikumbuka. Ilikuwa ni malalamiko kwamba kidonge changu cha jioni kilikuwa kikinipa asubuhi njema kuliko nilivyostahili, na nilishindwa kuelewa kwa nini.

Mkunga amenigombeza vizuri sana, nimefarijika, sasa anajua kubisha. Anasema kwa umri wangu mtaniangalia kwa karibu, nije kila mnaponiita, na kwamba nimebahatika tu kuonja kitu kisicho na madhara. Mwingine angeonja dawa ya mtu ikamwumiza. Nimeahidi. Naomba basi vichupa viwili, kimoja kwa jina la mkwe na kingine kwa jina langu, na naomba vifanywe haraka, maana ndoo ya mfagizi bado iko hapa. Hayo maneno ya ukoo wetu kutokunywa vidonge yaliandikwa na mtu asiyekuwa na kichefuchefu.

Mume wangu alikuwa amenisindikiza mpaka getini. Nilimwita nikamwambia. Alikaa chini, hapohapo kwenye mchanga, na suruali aliyoinyoosha asubuhi. Kisha nikavua ufunguo shingoni mwangu nikampa, nikamwambia kimbia. Mtu wangu amekimbia, Daktari! Kiatu kimoja kiko hapa, nimekishika.

Amerudi sasa hivi akihema, na habari za nyumbani. Kopo limefunguliwa. Mkwe ameruhusiwa kuanza tena usiku huu, ila kwa sasa amekunywa maji kidogo kidogo kama Mkunga alivyoelekeza, na kwa kucheka sana kwa habari yangu yamesahau kurudi. Mwanangu amekaa sakafuni anahesabu kwa vidole kama mdogo wake atakuwa mjomba au baba mdogo wa mtoto wake, amekosea mara zote. Na mkwe ametuma salamu. Amesema nikifika nyumbani nisiguse kidonge changu, nikae kwenye kigoda nisubiri. Leo anaonja yeye kwanza.

Tafadhali, Mkunga asijue.